Mageuzi ya Elimu na Lugha Yake: Sayansi, Ufundi na Sanaa katika Shule za Aveba

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo moja katika mageuzi ya elimu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nalo ni kuunganishwa kwa masomo ya sayansi, teknolojia na sanaa. Mageuzi ya namna hii kwa kawaida hupimwa kwa fedha zilizotolewa, vifaa vilivyonunuliwa na idadi ya walimu waliopitishwa katika semina. Vipimo hivyo vina haki yake. Hata hivyo vinaacha kando swali ambalo mwanaisimu hawezi kulipita: masomo yaliyounganishwa katika hati yanaunganishwa kwa lugha ipi katika kinywa cha mwalimu na katika akili ya mtoto? Maoni yetu ni kwamba programu mpya imeyaunganisha masomo huku ikiyatenga na lugha, na kwamba utengano huo wa pili unauvunja muungano wa kwanza.

Mifano yetu tumeitoa Aveba, katika utawala wa kichifu wa Walendu Bindi, wilaya ya Irumu, kusini mwa mji wa Bunia. Hatudai kwamba Aveba ni kielelezo cha nchi nzima. Tumeichagua kwa sababu ni mahali ambapo programu iliyoandikwa Kinshasa hufika ikiwa imeachwa mikono mitupu: maabara hakuna, umeme ni wa mabamba ya jua kwa aliyejaliwa, na sehemu yenyewe imetoka katika vita virefu. Mkataba wa amani kati ya serikali na kundi la FRPI ulitiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020. Kabla ya hapo kulikuwa na watoto waliofikia umri wa kuoa bila kumaliza mwaka hata mmoja wa shule pasipo kukimbia. Kama programu inaweza kufundishika hapa, inafundishika popote. Kama haiwezi, yatupasa kuuliza sababu, wala tusikimbilie kusema kwamba sababu ni umaskini tu.

Kilichoandikwa

Hati ya kwanza ya kuzingatia ni sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa. Sheria hiyo iliweka elimu ya msingi ya miaka minane, yaani miaka sita ya shule ya msingi ikifuatiwa na mwaka wa saba na wa nane, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa mwanzo wa sekondari. Kuhusu lugha, inasema kwamba Kifaransa ndiyo lugha ya kufundishia, na kwamba lugha za taifa au lugha za mazingira ya mtoto zitumiwe kama chombo cha kufundishia na kama somo, kwa kadiri itakayowekwa na kanuni. Lugha za taifa ni nne, kama zilivyotajwa katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiciluba. Kwa mujibu wa programu, lugha hizo hubeba ngazi ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha Kifaransa huzipokea mzigo. Kwa maneno mengine, sheria imefungua mlango na kumwachia mtunga kanuni ufunguo.

Hati ya pili ni programu zenyewe. Programu ya shule ya msingi ya mwaka 2011 ilipanga masomo katika nyanja tano: lugha; hisabati, sayansi na teknolojia; jamii na mazingira; sanaa; na makuzi ya mtu binafsi. Baadaye, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2015 kwa dola milioni 200 za Kimarekani, mradi uitwao PEQPESU kwa ufupisho wake wa Kifaransa, uwanja wa sayansi uliandikwa upya kwa ajili ya mwaka wa saba na wa nane na kwa sekondari ya sayansi. Hisabati ikawa tawi moja, sayansi za maisha na ardhi tawi la pili, na fizikia, teknolojia pamoja na teknolojia ya habari na mawasiliano zikafungwa katika tawi la tatu.

Yapo mema katika kazi hiyo, na ni haki tuyaseme. Programu ya zamani ilikuwa orodha ya mada tu, na mwalimu alizisomesha moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma majina ya wapiga kura. Programu mpya inataka kila ujuzi uanzie katika hali ambayo mtoto anaweza kuikuta maishani: mtungi uliovuja, ukuta uliopasuka, mmea uliokauka. Mtoto aitazame hali hiyo, atende, ndipo jina la kisayansi lije. Hakuna mwalimu mwenye busara atakayeipinga rai hiyo. Mafundi wetu walifundisha hivyo kabla hatujawa na neno “mtaala”.

Kasoro tunaziona mbili. Ya kwanza ni kwamba sanaa imeachwa nje ya kazi hii. Fedha, vitabu na semina vimekwenda kwenye uwanja wa sayansi. Uwanja wa sanaa umebaki na jina lake katika jedwali. Katika ratiba za shule tulizoziona, uchoraji na nyimbo hupewa saa ya mwisho ya siku, na saa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa mvua inapotanda. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Hali zote zinazopendekezwa zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa mwanafunzi ambaye hali zake zote huzipata kwa lugha nyingine. Kumwambia mtoto aanze na maisha yake, kisha kumnyang’anya lugha ya maisha hayo, ni kumwalika mgeni chakulani na kumfungia mlango.

Sanaa na ufundi katika lugha yenyewe

Yafaa tutulie kidogo juu ya maneno. Tunaposema “sayansi, teknolojia na sanaa” tunatamka maneno matatu, na mawili kati yake yameingia Kiswahili juzi tu kutoka Ulaya. La tatu, sanaa, ni la zamani na limetoka Kiarabu, ambako shina lake lahusu kutengeneza, kuunda, kazi ya mkono yenye ustadi. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili, mwenye sanaa aliweza kuwa mchonga milango, mfua fedha au mjenzi wa jahazi. Maana ya leo, ile inayomtenga mchoraji na mhunzi, ni tafsiri ya mgawanyo wa Kizungu uliotokea baadaye. Tuna pia fundi na ufundi, na maneno haya hayakubali kukatwa. Fundi wa ngoma, fundi wa saa, fundi wa nguo, fundi wa shairi: lugha haikuona haja ya kuwapa maneno mbalimbali, kwa sababu ilichokitaja ni hali ya kujua kwa mkono na kwa akili pamoja.

Kwa hiyo kinachoitwa leo “kuunganisha” ni, kwa upande wa lugha yetu, kurudisha kitu mahali kilipokuwa. Msomaji makini atatupinga hapa, na atakuwa na haki. Asili ya neno haimfundishi mtu fizikia. Waarabu walikuwa na neno hilo hilo, nao pia wana shule zenye masomo yaliyotengana. Tunakubali. Hoja yetu si kwamba Kiswahili kina hekima iliyofichwa, maana porojo za namna hiyo tumezichoka. Hoja yetu ni ndogo zaidi na inaweza kupimwa: mwalimu anayefundisha kwa lugha ambayo ufundi na sanaa ni ndugu ana njia fupi ya kufikia muungano ambao programu inamtaka aufikie kwa njia ndefu. Anapomwuliza mtoto kwa Kiswahili, “Fundi aliyejenga nyumba hii alijua nini?”, jibu litagusa udongo, vipimo, moto na uzuri wa umbo kwa mara moja. Aulize jambo hilo kwa Kifaransa cha kitabu, na itambidi kwanza achague kama swali ni la teknolojia au la sanaa.

Historia yetu wenyewe inaonyesha jinsi utengano huu ulivyojengwa. Elimu ya kikoloni ya Kongo iliwapa wengi kazi za mikono bila sayansi. Sanaa nayo ilipopewa shule ilipewa shule yake peke yake: Saint-Luc iliyoanzishwa na bruda Marc-Stanislas huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ikahamia Léopoldville mwaka 1949 na hatimaye kuwa Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, na karakana ya Pierre Romain-Desfossés huko Élisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, iliyoanza mwaka 1946. Shule hizo zilitoa watu wakubwa. Lakini ni Lubumbashi hiyo hiyo ambako mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye hakupita katika vyuo hivyo, alichora historia yote ya nchi katika miaka ya 1970 na kuieleza picha baada ya picha katika mazungumzo yake na Johannes Fabian. Mazungumzo hayo yalikuwa ya Kiswahili, Kiswahili cha Shaba. Anayedhani kwamba Kiswahili cha Kongo hakiwezi kubeba fikra ndefu juu ya sanaa na asome kazi ile iliyochapishwa mwaka 1996.

Nguvu

Tuingie sasa darasani. Katika darasa moja la mwaka wa saba tulilohudhuria, mwalimu aliandika ubaoni maneno manne ya Kifaransa: force, énergie, puissance, pression. Alisoma fasili zake kama zilivyo kitabuni. Wanafunzi wakanakili katika makaye yao. Kisha, kama wafanyavyo walimu wote wema wanapoona macho ya watoto yamekufa, akageukia Kiswahili. Na hapo maneno manne yakawa moja. Ilikuwa nguvu ya kusukuma, nguvu ya moto, nguvu ya mashini, nguvu ya hewa. Watoto wakachangamka, wakatoa mifano mizuri: baiskeli iliyobeba mihogo, jiwe la kusagia, gurudumu lililojazwa upepo. Somo likafa tena pale mwalimu aliporudi ubaoni, kwa sababu hakuna aliyejua mfano upi uende chini ya neno lipi.

Ni rahisi kumcheka mwalimu huyo au kuicheka lugha yake. Sisi tunaona kwamba alikuwa katikati ya kazi halisi ya kisayansi, ila hakuna aliyemsaidia kuimaliza. Kupambanua kwa kihusishi, “nguvu ya hiki” dhidi ya “nguvu ya kile”, ndiyo hatua ya kwanza ya uundaji wa istilahi katika lugha yoyote. Ulaya nayo ilipita hapo. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz alipoandika juu ya kuhifadhiwa kwa kile tunachokiita leo nishati, neno alilolitumia katika anwani yake ni Kraft, ambalo kwa Kijerumani ni nguvu. Wanafizikia wakubwa waliishi na neno moja kwa mambo mawili hadi katikati ya karne ya 19, kisha wakafanya kazi ya kuyatenga. Mtoto wa Aveba anayechanganya mambo hayo hajakosa akili. Amekosa mtu wa kumfanyia kazi ya kutenga katika lugha anayoielewa.

Kazi hiyo imekwisha kufanywa mahali pengine. Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali kwa jumla tangu mwaka 1967, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kani na nishati ni istilahi zilizozoeleka huko, kanieneo vilevile, usanisinuru hufundishwa bila mtu kushtuka. Je, tuyachukue maneno haya na kuyamwaga Ituri? Wapo wenzetu wasemao ndiyo, hasa tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wapo pia wasemao hapana kabisa, kwamba hicho ni Kiswahili cha watu wa Dar es Salaam.

Pande zote mbili zinasahau jinsi mambo yalivyo hapa. Mtoto wa Aveba kwa kawaida anaanza maisha kwa Kingiti, lugha ya Kisudani ya Kati ambayo Constance Kutsch Lojenga aliitolea sarufi mwaka 1994. Lugha hiyo si ya Kibantu na haina mfumo wa ngeli kama wa Kiswahili. Sokoni na barabarani mtoto huyo anajifunza Kiswahili cha Bunia, ambacho Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekichunguza, na ambacho upatanisho wake wa ngeli umepungua sana. Shuleni anapewa kitabu cha kusomea cha Kiswahili kinachoelekea usanifu. Miaka michache baadaye anapewa sayansi kwa Kifaransa. Hivyo ni vyumba vinne, na mtoto anapitishwa kutoka kimoja hadi kingine bila kuonyeshwa milango. Kwake yeye kimiminika ni neno geni kama lilivyo liquide. Mwalimu akijaribu kusema “kitu cha mayi-mayi”, darasa zima litacheka au litanyamaza, kwani katika mashariki ya Kongo neno hilo lina maana nyingine yenye bunduki.

Msimamo wetu ni huu. Istilahi za Tanzania zichukuliwe, maana kuunda upya kilichokwisha kuundwa ni ubadhirifu, lakini zisitangulie. Neno nguvu litangulie. Mwalimu aruhusiwe, tena kwa maandishi ya programu yenyewe, kukaa na nguvu ya kusukuma na nguvu ya moto mpaka watoto wenyewe waone kwamba haya ni mambo mawili, kwamba moja lina mwelekeo na jingine linaweza kuwekwa akiba ndani ya kuni. Hapo ndipo kani na nishati ziingie, zikiwa zinahitajiwa. Force na énergie zifuate, kama majina ya tatu ya vitu vinavyojulikana. Na pale ambapo Kingiti kina neno linalotenganisha kile ambacho Kiswahili kimekichanganya, Kingiti kipewe nafasi ya kwanza; sheria ya 2014 inaposema “lugha za mazingira” haikusema lugha za taifa peke yake.

Kuna mahali ambapo suala hili ni la uhai. Ituri ni nchi ya dhahabu tangu kuvumbuliwa kwa machimbo ya Kilo na Moto mwanzoni mwa karne ya 20, na vijana wa Irumu huacha shule kwenda mashimoni. Huko hukamata dhahabu kwa zebaki, wakaichoma zebaki hiyo kwenye moto wa wazi na kuvuta mvuke wake, ambao huharibu neva na figo. Somo la uzito na ujazo lingeweza kuanzia hapo: dhahabu ina takriban gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, mchanga wa kawaida una kama 2.65, ndiyo sababu karai ikitikiswa mchanga huenda na dhahabu hubaki. Somo la mvuke lingefuata. Ni kijana gani atakayeacha kuichoma zebaki jikoni kwa sababu alinakili mwaka wa nane sentensi ya Kifaransa juu ya mvukizo? Maneno ya onyo lazima yawe katika lugha itumiwayo shimoni.

Tanuru na gome

Tutoe mfano wa somo moja ambalo Aveba inaweza kulifundisha bila maabara. Tangu watu warudi katika vijiji vyao, tanuru za matofali zimekuwa nyingi kandokando ya njia. Udongo wa mfinyanzi hukandwa, hutiwa katika kiunzi cha mbao, huanikwa, kisha hupangwa kuwa rundo lenye vichuguu vya moto chini, likasiribwa kwa matope kwa nje na kuchomwa. Humo mna kemia: tofali lililoanikwa juani likinyeshewa hurudi kuwa udongo, bali lililopata moto wa nyuzi mia kadhaa limepoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake na haliwezi tena kurudi. Humo mna fizikia: kwa nini tofali la katikati ni jekundu na la pembeni limebaki bichi, na matope ya nje yanazuia nini. Humo mna hesabu ya matofali, kuni na siku. Na humo mna sanaa, kwa maana umbo la tofali, uwiano wa urefu na upana wake, na namna ya kupanga safu ili ukuta upendeze na usipasuke, ni mambo ya jicho kabla hayajawa ya kipimo. Mtoto achore tanuru jinsi lilivyo ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Uchoraji huo ni sanaa na ni sayansi kwa wakati mmoja, wala hauhitaji saa ya mwisho ya siku ya Ijumaa.

Tuliwahi kumwuliza mchomaji mmoja anajuaje kwamba tanuru limeiva. Alitupa maneno matano ya rangi ya moto, mawili kwa Kiswahili na matatu kwa Kingiti. Hakuna hata moja kati yake lililomo katika kitabu chochote cha shule tulichokiona. Tunaweka alama hapo.

Mfano wa pili unatoka mbali kidogo na Aveba, magharibi zaidi, katika msitu wa Ituri. Wambuti hutengeneza nguo kwa gome la mti. Wanaume hulibandua gome na kulipondaponda mpaka lilainike na kutanuka. Wanawake hulichora kwa vidole na vijiti, wakitumia wino wa utomvu wa tunda la gardenia uliochanganywa na makaa. Michoro hiyo ya mistari iliyovunjika na nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi imekusanywa na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na imeandikiwa vitabu. Nchini Uganda, utengenezaji wa nguo za gome wa Waganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Sisi tunaoishi jirani na Wambuti tunamfundisha mtoto uwanja wa sanaa kwa kumchorea bendera na chungwa ubaoni. Kwa nini utomvu ule, ambao mwanzoni hauonekani vizuri, hukolea kuwa mweusi ukikaa hewani? Hilo ni swali la kemia la mwaka wa nane. Kwa nini mchoraji aliacha kona hii tupu? Hilo ni swali la sanaa. Nguo ni moja.

Majirani na mtihani

Huenda msomaji akasema kwamba masomo ya namna hii yalikwisha kujaribiwa. Ni kweli, na waliojaribu wanatufundisha jambo. Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ikaingiza katika shule za msingi sanaa na kazi za mikono, muziki, kilimo na sayansi ya nyumbani. Wazazi walichanga ili karakana zijengwe. Masomo hayo ya vitendo yalipoondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalikauka ingawa katika ratiba yalibaki yameandikwa. Ilibidi mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 uyarejeshe kwa majina mapya. Tanzania nayo, tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ilikuwa na falsafa ya kuunganisha shule na kazi, na ilikuwa na lugha. Lakini pendekezo la Tume ya Makweta ya mwaka 1982, kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, halikutekelezwa. Kamusi ya istilahi za sayansi ikatoka mwaka 1990 kwa ajili ya shule za sekondari ambazo hazikuwa zikifundisha kwa lugha ile.

Kwa hiyo ndoana ni mtihani, na hapa Kongo imefunga mlango mara mbili. Mwishoni mwa mwaka wa nane mtoto hufanya mtihani wa kitaifa wa uteuzi na mwelekeo, TENASOSP. Mwishoni mwa sekondari hufanya Mtihani wa Dola ulioanza mwaka 1967. Sayansi huulizwa humo kwa Kifaransa. Mwalimu wa Aveba anajua kwamba atahukumiwa kwa asilimia ya waliofaulu, na kwa hiyo, hata akiipenda hali ya tanuru kiasi gani, ataifupisha ili awahi kunakilisha fasili. Hatumlaumu. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwezi Septemba 2019, madarasa yamejaa, na wapo walimu ambao serikali haijawaingiza katika orodha ya mishahara. Kumdai mtu huyo ubunifu bila kumpunguzia mtihani ni ukatili.

Mambo mawili yanawezekana bila kungoja mradi mwingine wa mamilioni. Moja liko mikononi mwa wizara: maswali ya sayansi ya mwaka wa nane yachapishwe kwa Kifaransa na kwa lugha ya taifa ya eneo, upande kwa upande, na mtahiniwa aruhusiwe kujibu sehemu ya maelezo kwa lugha aitakayo. Kanuni inayotakiwa na sheria ya 2014 ndiyo mahali pa kuliandika hilo. Semina ya wanaisimu wa Zaire iliyokutana Lubumbashi mwaka 1974 ilitetea lugha za taifa katika elimu. Nusu karne imepita, na hatuna haja ya semina nyingine kuthibitisha kwamba mtoto huelewa anachokielewa.

La pili liko mikononi mwetu sisi wa vyuo, na hapa hatuna wa kumsingizia. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya ualimu vya Bunia huandika kazi za kumaliza masomo juu ya makosa ya Kifaransa ya wanafunzi wa shule hii na ile. Makosa hayo tumeyahesabu vya kutosha. Kazi hizo zielekezwe kwenye kukusanya msamiati wa ufundi: wa tanuru, wa uhunzi, wa kufuma vikapu, wa karai la dhahabu, wa gome. Kila kidahizo kiwe na umbo lake la Kiswahili cha Bunia, umbo la Kingiti, Kihema, Kibira au lugha nyingine ya mahali, istilahi sanifu kama ipo, neno la Kifaransa la programu, na mchoro uliochorwa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Tungependekeza kuanza na rangi za moto wa tanuru, kwa kuwa wachomaji bado wapo na kiangazi cha Januari ndicho kipindi chao cha kazi.